Moto Utoke Kwanza, Nyumba Izibwe Baadaye

Anayesimama Kikorongo saa sita mchana, pale njia ya Bwera inapoachana na ile ya Mbarara, hawezi kuamini kwamba wilaya ya Kasese, nchini Uganda, ina watu wanaonunua makaa kwa ajili ya baridi. Lakini Kikorongo ni bondeni, takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, na joto hushuka nusu digrii na ushei kila upandapo mita 100. Familia iliyo mita 2000 kwenye miteremko ya Rwenzori hulala katika baridi ya kweli, na sigiri huingizwa ndani.

Joto lake halikai. Kati ya ukuta na bati pana mwanya unaopitisha ngumi, dari hakuna, na chini ya mlango vidole vinapenya. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na inapotoka huvuta ya baridi kupitia chini ya mlango. Makaa yaliyonunuliwa kwa shida yanaishia kuupasha moto mlima.

Wengine husokomeza gunia kwenye mwanya na tambara mlangoni, sigiri ikiwa bado inawaka chumbani. Hilo tunalikemea bila kumung'unya maneno, kwa sababu linaua. Makaa yaliyoiva, hata yasipofuka moshi, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, akalegea, akadhani ni usingizi. Mwanya huohuo tunaoulaumu ndio umekuwa ukiwanusuru watoto.

Kwa hiyo moto utoke kwanza. Upishi uhamie jiko la nje lenye dohani. Hapo ndipo fundi azibe kichwa cha ukuta kwa udongo au saruji, apige dari, arekebishe mlango, kisha aache tundu la hewa la makusudi lenye wavu. Mbu wa malaria naye hupenda kuingilia mwanya huo wa juu ya ukuta. Wajerumani, wanaopima uvujaji wa hewa kwa feni iliyofungwa mlangoni, nao hawaizibi nyumba bila kuiwekea njia ya hewa safi.

Mwaka 2012 Kasese ilijiwekea lengo la kuwafikishia wakazi wote nishati jadidifu ifikapo 2020. Tulihimizwa sola, biogesi na majiko banifu, na ni vyema. Lakini joto lililokwisha kulipiwa likaachwa litokee kwenye mwanya wa chini ya bati. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ipo tangu 2013. Ofisi zinazopitisha ramani ziulize moto utawashwa wapi na hewa itaingilia wapi, na asiye na jibu asijenge. Mwenye vyumba vya kupangisha azibe mianya kwa fedha zake, si za mpangaji. Mabweni ya shule za milimani yakaguliwe kwanza, tena kabla ya mvua za Septemba.