Mgongo Unaouma na Mikono Inayokanda

Juma hili twapenda kuongea nanyi juu ya maumivu ambayo wengi huyachukua kimya kimya, nayo ni maumivu ya mgongo.

Mtu apitaye asubuhi katika njia za Mikelenge huziona mara sababu zake. Mama amebeba kikapu cha mihogo mgongoni, na kamba imemkaza kipajini. Baba asukuma baiskeli yenye magunia ya mchele. Mtoto wa shule amechukua bidoni ya maji ya lita 20. Uzito wake wapita kilo 20, na pengine yeye mwenyewe hajafika kilo 40. Vivyo hivyo kule Kasuku, na ng'ambo ya mto Lualaba katika Alunguli. Basi jioni ikifika, nyumba nyingi husikika neno lile lile: «Njoo unikande mgongo.»

Je, desturi hii yafaa? Twajibu kwamba yafaa, ikifanywa kwa akili. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa na sehemu ya chini ya mgongo. Mwezi wa Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya namna hii yakaayo muda mrefu. Kukanda kumetajwa humo kati ya misaada inayoweza kutumiwa, pamoja na mazoezi ya mwili na mafundisho ya kumwezesha mgonjwa kujitunza. Lakini waganga hawakuficha kwamba ushahidi wa faida ya kukanda ungali dhaifu. Mara nyingi nafuu yake ni ya muda mfupi tu.

Mikono yafanya nini basi? Mgongo ukiuma, nyama za pande zote mbili hujikaza kama kamba ili kuukinga, na kule kujikaza kwenyewe huzidisha maumivu. Mikono yenye joto huzilegeza nyama hizo, huituliza mishipa ya fahamu, na kumpa mgonjwa raha ya moyo. Hairudishi mfupa uliohama, kama wengine wadhanivyo.

Mwenye kukanda na afuate njia hii. Mgonjwa alale kifudifudi juu ya mkeka, na kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya tumbo. Mkandaji anawe mikono, aipashe joto, atie mafuta kidogo. Mafuta ya mawese yatosha. Aanze kiunoni, akipandisha viganja polepole mpaka mabegani, pande zote mbili za uti wa mgongo. Uti wenyewe asiugandamize hata kidogo. Kisha akande kwa kitako cha kiganja pale palipokazana, akimwuliza mgonjwa mara kwa mara kama anaumia. Dakika 15 au 20 zatosha. Kumpandisha mtoto akanyage mgongo wa mgonjwa kwa miguu, au kumvuta na kumpinda mpaka mifupa ilie, ni mambo ya kuachwa. Wala mama mwenye mimba asikandwe tumbo.

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuishike kalamu. Hebu mfikirie kijana mmoja, fundi wa baiskeli. Mgongo wamwuma tangu mwanzo wa mvua. Kila usiku dada yake amkanda kwa upendo, naye apata nafuu ya saa mbili. Lakini anakonda. Jioni ana homa, usiku aloa jasho. Miezi yapita, uvimbe watokea katikati ya mgongo, na miguu yaanza kulegea. Huyo hakuumizwa na baiskeli. Ana kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ugonjwa ambao mganga Mwingereza Percivall Pott aliueleza tangu mwaka 1779. Leo una dawa, nazo humezwa kwa miezi mingi bila kukatiza. Akiwahi, aweza kupona na kutembea. Akichelewa, aweza kupooza. Kila usiku wa kukandwa bila kupimwa ulikuwa usiku uliopotea.

Kwa hiyo shikeni dalili hizi, na ninyi wanafunzi ziandikeni katika daftari zenu. Ikiwa mgonjwa wa mgongo ana homa au anakonda bila sababu. Ikiwa miguu yakosa nguvu au yafa ganzi. Ikiwa hawezi kukojoa, au hawezi kuzuia haja. Ikiwa ameanguka kutoka juu ya mchikichi au ameangushwa na pikipiki. Ikiwa maumivu hayampi usingizi na yazidi siku kwa siku: hapo wekeni mafuta chini, mkampeleke hospitali. Aliyeanguka asisimamishwe wala kukandwa. Abebwe amelala juu ya ubao, bila kupindwa. Asiyeweza kukojoa asingoje kesho.

Tushukuru kwamba wengi hawana magonjwa hayo. Kwa hesabu ya shirika lile, katika wagonjwa 10 wa mgongo, karibu 9 hawaonekani na ugonjwa maalumu ulioleta maumivu. Hao na wakandwe wakitaka, lakini wasilale kitandani siku nyingi wakidhani kulala ndiko dawa. Watembee kidogo kidogo na kurudia kazi nyepesi, maana mgongo usiotumika hudhoofika.

Tena ni heri kuzuia kuliko kukanda. Uokotapo mzigo, kunja magoti, uukaribishe mwilini, kisha inuka kwa nguvu ya miguu, bila kujipinda. Mzigo mzito ugawanywe mara mbili, ijapokuwa njia ni ndefu. Nanyi wazazi, mpeni mtoto bidoni ya lita 5 au 10 badala ya ile ya 20. Nanyi waume, mwonapo kamba imemkaza mama kipajini, msiseme tu kwamba ndiyo desturi. Mkono unaomkanda jioni ungefanya vema zaidi kama asubuhi ungepokea nusu ya mzigo wake.