Unataka Mguu wa Kuku, Wino Hutaki? Acha Hizo Staa

Leo sina habari ya nani kamwacha nani, wala nani kafuta picha za nani Insta. Leo nina povu na nalitoa lote. Asiyependa povu apite kushoto.

Kuna staa mmoja hapa Bongo, jina kapuni, wale wa mkufu mzito na gari lenye vioo vya giza. Juzi kati kaingia laivu usiku wa manane analalamika. Hajaibiwa, hajafiwa. Kisa kaomba kibali cha kumiliki bastola, akaambiwa atoe alama za vidole. Vyote kumi, mkono wa kulia na wa kushoto. Jamaa anaona kadhalilishwa, kafanywa kibaka, eti mtu mwenye jina lake anashikwa kidole na kupakwa wino. Na mashabiki nao wakamwaga pole na mioyo kama vile kafiwa na mzazi.

Bro, naomba tuongee. Naandika nikiwa Msata, pale barabara ya kutoka Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera. Huku tuna sababu zetu za kutocheka na hili jambo, nitazifikia.

Kwanza tuhesabu vidole. Mwaka 2015 tulijiandikisha kupiga kura kwa BVR, tukabonyeza vidole kwenye mashine. Kitambulisho cha NIDA, vidole tena. Halafu ikaja laini za simu. Mnaikumbuka ile foleni? Ukomo ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, ambaye hajasajili kwa alama za vidole laini inazimwa. Watu walipanga mstari juani, wazee, wajawazito, wanafunzi, wote wanasubiri kuweka kidole ili waendelee kununua bando la buku. Hakuna aliyeingia laivu kulia.

Sasa niambie, kama laini ya kutumia M-Pesa na kumpigia shangazi inataka kidole, kitu kinachotoa roho ya mtu ndani ya sekunde moja kitolewe kwa kuangalia idadi ya followers?

Halafu kuna watu ambao kutoa kidole kwao ni kazi kweli. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, maisha yake yote ni jembe na mawe. Siku ya kusajili laini mashine ilimkataa. Akanawa, akafuta kwa khanga, akajaribu kidole kingine, ikakataa tena. Mistari imesuguka, imeishia kazini. Nenda Lugoba kwenye kokoto, nenda Kiwangwa kwenye mananasi, utakutana na mikono ya namna hiyo kibao. Yule mama alirudi mara tatu, hakutukana mtu. Wewe staa una vidole laini vya kupaka losheni, mashine inakusoma mara moja tu, na bado umenuna.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe, maana najua wapo watakaosema nina wivu.

Alama za vidole kazi yake nini? Ile mistari unaanza kuwa nayo tumboni kwa mama, na unakufa nayo. Hata mapacha wa kufanana kama sarafu hawana mistari inayofanana. Polisi wa London walianza kuitumia rasmi mwaka 1901 kwa sababu walichoka na wahalifu wanaobadilisha majina. Leo anakamatwa kwa jina hili, kesho anafungwa kwa jina lile, keshokutwa anajitambulisha kama mtu safi asiyewahi hata kugombana na jirani.

Na nani anaongoza kwa majina mengi kuliko nyie mastaa? Una jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, una la shuleni, una la kisanii, na a.k.a. tatu ambazo hata meneja wako anazichanganya. Askari akitafuta rekodi zako atafute lipi? Kidole ndicho kinachoyafunga majina yote kwenye mwili mmoja. Kama hujawahi kutiwa hatiani, wino utakusafisha. Kama uliwahi, basi tuna haki ya kujua kabla hujapewa risasi.

Wala usidhani ni ushamba wa Tanzania. Afrika Kusini sheria yao ya silaha ya mwaka 2000 inataka seti nzima ya vidole kutoka kwa muombaji. New York, huko mnakokwenda kupiga picha na magari ya njano, anayeomba kibali cha bastola anachukuliwa vidole. Yapo majimbo kama Texas ambako tangu 2021 watu wengi wanaweza kubeba bastola bila kibali kabisa, sawa. Ila mtu akitaka tufuate hilo, aseme wazi kwamba anataka barabara ya Msata hadi Bagamoyo iwe na bastola kila dalali na kila konda. Tuone nani atapanda daladala.

Nilisoma komenti moja yenye akili kwenye ile laivu, na nitaijibu kwa heshima. Mdau aliandika kwamba kuchukua vidole ni urithi wa mkoloni, walikuwa wanatufanyia sisi Waafrika kama washukiwa. Ni kweli kabisa. Hapo Kenya, kuanzia karibu na mwaka 1920, mwanaume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Ukikutwa huna, jela. Ukimtoroka mzungu wa shamba, kipande kinakusaka. Hilo lilikuwa tusi, na sitakaa nilitetee.

Lakini mdau, maliza hadithi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya hukohuko Kenya ikataka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa vidole. Unajua nani walikuja juu? Walowezi wa kizungu. Wakasema ni aibu, mtu muungwana hawezi kupakwa wino kama mhalifu. Walipiga kelele hadi wakatafutiwa njia ya kuukwepa wino.

Umeona tulipofika? Maneno ya staa wetu ndiyo yaleyale ya mlowezi. Wino si tatizo ukipakwa mama wa Lugoba, unakuwa tatizo ukimgusa yeye. Ubaya wa kipande ni kwamba kilimbana mtu asiye na nguvu yoyote, na wenye nguvu wakasamehewa. Hapa ni kinyume. Wewe ndiye unayeomba nguvu ya kuamua nani aishi, hakuna aliyekulazimisha. Anayeomba nguvu ndiye anatakiwa kuwa wa kwanza kuweka kidole mezani.

Tena tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mmiliki apeleke yake ikaguliwe. Rais Magufuli naye silaha zake zilihakikiwa. Rais wa nchi mwenye walinzi mbele na nyuma. Wewe ngoma yako imekaa trending siku mbili unataka upitie mlango wa VIP?

Sasa nibadilishe upande, maana sijaja kuwapigia makofi wenye ofisi.

Kidole kinasema wewe ni NANI. Hakisemi wewe ni mtu wa AINA GANI. Mtu anayempiga mke wake kila wikiendi na hajawahi kushitakiwa, vidole vyake ni visafi kabisa. Mtu anayelewa na kuanza kutafuta ugomvi baa, mashine haioni. Hayo wanaojua ni majirani. Ndiyo maana maombi ya silaha hayaanzii kwa mkuu wa polisi, yanaanzia chini kabisa, serikali ya mtaa au kijiji, halafu kata, wilaya, mkoa. Kamati ya ulinzi na usalama inakaa, inajiuliza huyu mtu tunamjua? Ana hasira? Anaishi vipi na watu? Sheria ya silaha ya mwaka 2015 imeweka na umri, miaka 25 kwenda juu, kwa sababu hata waliotunga walijua utoto na risasi haviendi pamoja.

Hapo ndipo uozo ulipo. Huku kwetu mtu wa Dar ananunua heka kadhaa za shamba, anapanda mananasi au anaweka ng'ombe, sawa, karibu sana. Halafu anataka bastola, sababu anaandika ulinzi wa shamba. Barua anaipitisha kijijini ambako hajawahi kulala hata usiku mmoja. Kuna kijiji, sikitaji, jamaa mmoja maarufu wa mjini alipitishiwa barua mchana mmoja kati ya soda na soda. Wazee wa pale ukiwauliza huyo mtu ana tabia gani, wanakujibu ana gari zuri. Hiyo ndiyo tabia iliyogongewa muhuri.

Matokeo yake bastola ya kulinda mananasi inaonekana Insta imelala juu ya meza ya klabu Masaki, pembeni ya chupa. Mananasi gani yanalimwa Masaki?

Nilisema tuna sababu zetu. Sisi ni watu wa Pwani. Mwaka 2017, mkoa huuhuu, upande wa kusini, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji na vitongoji walikuwa wanapigwa risasi usiku mbele ya familia zao. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa Kibiti kwa mara moja. Watu walikuwa wanaogopa hata kuitwa mwenyekiti. Sasa fikiria, cheo kilekile ambacho wenzetu walikufa nacho, leo kuna mtu anakitumia kugonga muhuri wa bastola ya asiyemjua, kwa hela ya chai. Huko ni kuwatukana marehemu.

Na kwa dada zangu mnaosoma hapa. Mwaka 2022 nchi nzima ilitetemeka na habari ya Mwanza, mke kapigwa risasi na mumewe ndani ya nyumba yao, na mume naye akakutwa amekufa ziwani. Tuliandika RIP, tukaweka picha nyeusi, wiki iliyofuata tukarudi kwenye kiki. Mimi swali langu ni moja tu. Mwanaume anapoomba kibali, nani anakwenda kumuuliza mkewe? Pembeni, bila yeye kuwepo? Mwenyekiti anaulizwa, mtendaji anaulizwa, anayelala kitanda kimoja na hiyo bastola haulizwi. Mke ndiye jirani wa kwanza, jamani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayetaka kuubomoa aje na hoja.

Moja, wino ubaki, tena kwa wote. Asiwepo staa, mbunge, mtoto wa kigogo wala chawa wa kigogo wa kuupita. Siku mmoja akiupita, sisi wengine wote ndio tunageuka washukiwa.

Mbili, barua ipitie unapolala, sio unapomiliki shamba. Kamati ikikupitisha, majina ya waliokupitisha yakae kwenye faili lako, ili ukifanya upuuzi nao waitwe waeleze walikujua vipi. Muhuri utakuwa mzito ghafla, mtaona.

Tatu, mke, mume au mtu unayeishi naye aulizwe faragha. Akisema anaogopa, hilo linatosha kusimamisha maombi.

Nne, ukitupia picha ya bastola mezani, kiunoni au kwenye video ya nyimbo, na ni ya kweli, uitwe na kibali chako kiangaliwe upya. Bastola ya kujilinda hailindi kitu ikiwa Insta. Mtu mwenye adui wa kweli hatangazi alichonacho, na mwenye kutangaza anataka likes.

Narudi kwako bro wa laivu. Sikuchukii, nyimbo zako nacheza. Kama kweli kuna watu wanakutishia maisha, nakuombea ulinzi, na uombe kibali kwa njia halali. Ila ule wino ulioulilia unatoka kwa sabuni. Ukinawa mara mbili umekwisha. Damu ya mtu ikishamwagika kwa mkono wako hakuna sabuni ya kuitoa, hata ufungue kampuni ya vipodozi.

Kama kupakwa wino dakika kumi kunakupandisha hasira hadi unaingia laivu saa nane usiku kutukana askari, basi mimi kama mwananchi wa kawaida nina komenti moja kwa kamati itakayokaa kujadili jina lako: huyo bado. Hasira zipoe kwanza.

Wadau nawaachia uwanja. Kwenu mtaani kamati inakaa kweli au ni muhuri wa soda? Na wewe dada, mwenzako akiomba bastola ungependa uulizwe? Dondosha komenti. Hoja karibu, matusi nafuta, na yeyote atakayemtaja staa kwa jina nafuta pia, nilisema jina kapuni.