Kabobo: panga kurudi kabla ya kupanda

Mvua zimekatika, na kama kila kiangazi vijana wa Kalemie wameanza kuulizana nani atapanda Kabobo mwaka huu. Wengine wanataka kumuona mbega na sokwe, wengine wanataka picha tu. Hatuna neno baya juu ya hamu hiyo. Mlima ni wetu, na tangu Desemba 2016 jimbo la Tanganyika limeufanya kuwa hifadhi. Swali letu ni moja: ukiwa kule juu, ni nani hapa mjini anayejua siku na saa uliyopanga kurudi?

Watu wengi wanaandaa safari hii kama wanaenda sherehe. Wanahesabu unga wa muhogo, ndagala, bidoni za maji, franka za pikipiki au za boti, na wakifika hapo wanasema tayari. Lakini ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Kabobo vinakaribia mita 2,700. Joto hupungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wenye digrii 18 mjini, kule juu ni digrii 6 hivi. Ukilala na shati lililolowa jasho na upepo unavuma, baridi hiyo inatosha kuua. Sweta, turubai na nguo kavu ya kulalia ni lazima, hata kama mwenzako anakucheka pale bandarini.

Kuna pia giza. Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na ndani ya msitu giza linatangulia. Anayeanza kupanda saa tano asubuhi kwa sababu boti ilichelewa afadhali alale kijijini na kuanza kesho yake alfajiri. Na aweke saa ya kugeuka: ikifika saa saba, amefika asifike, anashuka.

Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wake walipanda safu hii hii, upande wa Fizi, wakitokea kando ya ziwa. Walikuwa askari waliozoea milima ya kwao, na bado mwinuko ule uliwatesa. Yeye mwenyewe, mwenye pumu, alishikwa na homa kali siku za mwanzo.

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaandika jina lake katika kitabu cha langoni, na akishuka anaandika tena. Ng'ambo ya ziwa, kule Mahale, ambako Watanzania wana hifadhi ya taifa tangu 1985, hakuna anayeingia msituni peke yake bila askari wa hifadhi au kiongozi. Kabobo haina lango la namna hiyo. Njia inaanzia nyuma ya nyumba za watu, rezo inapotea baada ya kilima cha kwanza, na helikopta za MONUSCO ambazo wengine bado wanazitegemea kichwani ziliondoka na ofisi zake za Tanganyika mwaka 2022. Ukivunjika mguu, utabebwa kwa machela ya miti mpaka ziwani, halafu boti. Watakaokubeba ni wanakijiji.

Ndiyo maana kijiji kinatangulia katika mpango. Unafika kwa chifu, unamsalimu, unaeleza unakwenda wapi na unarudi lini. Mgeni anayepita kimya na mfuko mgongoni, katika eneo ambalo wenye silaha wamepita mara nyingi, anatia watu hofu, na hofu hiyo inaweza kumgeukia. Chifu na wazee wanajua njia gani ni salama wiki hii. Habari hiyo huipati mjini. Kiongozi wa njia atoke hapo hapo, na bei ipatanwe mbele ya chifu kabla ya kuondoka. Tunawataja hasa Batwa, ambao wanaujua msitu huu kuliko sisi wote na ambao mara nyingi wanaitwa kubeba mizigo tu, wanalipwa kidogo, wakati wao ndio wanaoongoza.

Kwa serikali ya jimbo na ICCN ombi letu ni dogo. Wekeni meza moja Kalemie na daftari moja: jina, kijiji cha kuanzia, kiongozi, siku ya kurudi, namba ya simu ya ndugu. Nakala ibaki kwa chifu. Siku iliyoandikwa ikipita na mtu hajaonekana, mwenye daftari anapiga simu kwa ndugu na kutuma ujumbe kijijini jioni ile ile. Gharama yake ni kalamu, karatasi na mshahara wa mtu mmoja.

Mpaka meza hiyo iwepo, kijana anayepanda mwezi huu aandike karatasi hiyo mwenyewe na amwachie mama yake.