Ferrari ina viti viwili, mwanao hana chake

Mama wenzangu, sehemu ya 4 ya safari na watoto.

Naona wengi mnaoenda Dubai mnaulizia ile ziara ya mjini kwa Ferrari. Mwongozaji anatangulia na gari lake, wewe unafuata, mnapita Sheikh Zayed Road, mnaitazama Burj Khalifa na mita zake 828, picha kedekede. Raha ipo, sibishi. Ila mtoto asipande, hata kwa dakika kumi.

Kwa nini? Ferrari nyingi zina viti viwili tu, kwa hiyo mtoto ataishia mapajani. Gari likigonga kwenye mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, mikono ya mama haimshiki, hata uwe na nguvu vipi. Na mfuko wa hewa wa mbele ukifumuka, kichwa chake kipo palepale. Sheria ya kule nayo haina utani: wa chini ya miaka 4 akae kwenye kiti cha mtoto, na wa chini ya miaka 10 au sentimita 145 asikae mbele.

Sisemi mjinyime jamani. Pokezaneni. Baba aendeshe, wewe na watoto pandeni Metro. Njia Nyekundu inaifuata barabara hiyohiyo kwa sehemu kubwa, treni haina dereva, wataganda dirishani. Akirudi, zamu yako.

Mwenye gari akikwambia "mpakate tu, hatuendi mbali", funga mkoba wako, ondoka.