Mnunuzi na Mali Yake

Mtu anunuapo jembe, jembe huwa lake. Akilima nalo, akiliazima kwa jirani, akiliuza tena au akiliacha lile kutu nyuma ya nyumba, hakuna mhunzi atakayemjia usiku kumwuliza kwa nini amefanya hivyo. Sheria hii ya soko ni kongwe mno, wala wazee wetu hawakuhitaji kuiandika: fedha hutoka mkono mmoja, mali hutoka mkono wa pili, na muuzaji huenda zake. Nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa katika biashara ya kompyuta, na ya vitabu na nyimbo zinazopitia katika kompyuta, sheria hiyo imevunjwa. Kuwa imevunjwa kwa makusudi. Na kuwa sisi tuliodhulumiwa ndio tunaopiga vigelegele.

Mwezi wa Julai mwaka 2009, watu wa Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell katika duka la Amazon, wavisome katika chombo kiitwacho Kindle, walifungua vyombo vyao wakakuta vitabu havimo. Duka lilikuwa limegundua kuwa aliyevitia sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Basi likavifuta kutoka mbali, ndani ya vyombo vya watu, na kuwarudishia fedha zao. Kitabu kimoja kilikuwa Animal Farm, ambacho sisi twakijua kwa tafsiri yake, Shamba la Wanyama. Cha pili kilikuwa 1984, hadithi ya serikali ichomayo maandishi ya jana ili watu wa leo wasiyakumbuke. Mtunzi wa kejeli asingaliweza kubuni kisa kinachofaa kuliko hicho. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, aliyekuwa akikisoma kwa kazi ya shule, alibaki na maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kurasa zisizokuwapo tena. Alifungua kesi, na kampuni ikaimaliza kwa maafikiano.

Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani, na kwa maneno makali juu ya kampuni yake mwenyewe. Radhi ni jambo la kiungwana. Lakini iangalie vizuri radhi hiyo. Mtu aliomba msamaha kwa kuutumia ufunguo wa nyumba yako, hakuurudisha ufunguo. Fikiri juu ya mwuza vitabu wa Nairobi agunduaye kuwa kitabu alichokuuzia kilipigwa chapa bila ruhusa. Anayo haki ya kumshtaki mpiga chapa. Je, anayo haki ya kuingia chumbani mwako ukiwa umelala, akichomoe kitabu chini ya mto, na kuacha noti mezani?

Tena si duka moja. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, na aliyekuwa ameandika maelezo yake ndani ya vitabu akaongezewa dola 25, kana kwamba fikira za msomaji zina bei moja kwa watu wote. Watetezi wa kampuni hizi husema hakuna aliyepata hasara. La hasha! Aliyenunua kitabu hakutaka fedha. Kama angalizitaka asingalizitoa. Jimbo la California, ambako kampuni nyingi za namna hii zina makao, lililiona jambo hili. Likatunga sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomkataza muuzaji wa mali ya kidijitali kuandika neno “nunua” pasipo kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopewa ni leseni tu. Yaani ilibidi bunge likutane ili neno dogo la sokoni lirudishiwe maana yake.

Sasa tuiache maktaba, tuitazame mashine yenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ambao ni nyapara wa programu nyingine zote: ndio ugawao kazi, ufunguao milango, ukatazao na uruhusuo. Nyapara wa kompyuta nyingi za mezani duniani ni Windows ya Microsoft. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni iliacha kuitengenezea bure masasisho ya usalama, ambayo ndiyo huziba nyufa wapitamo wezi wa mtandaoni. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ilidai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na vichakataji vya miaka ya karibuni. Mashine nyingi zilizokuwa na afya zikafungiwa mlango. Hazikuharibika. Ukiziwasha huwaka, ukiziandikia huandika, na vioo vyao vyang'aa kama siku ya kwanza. Kilichokufa ni ahadi.

Kwa mtu binafsi uliongezwa mwaka mmoja wa masasisho, hadi Oktoba 2026, na hapa ndipo penye fundisho. Mteja aliambiwa alipe dola 30, au atoe pointi za tuzo za kampuni, au akubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe katika ghala la kampuni. Wakazi wa Ulaya, ambao vyama vyao vya kutetea watumiaji vilipiga kelele, waliondolewa masharti hayo wakapewa mwaka huo bure. Kumbe iliwezekana! Kilichowapa Ulaya masasisho si aina ya kompyuta zao, ni sauti.

Jambo hili latuhusu sana sisi tusiokuwa na sauti hiyo. Kompyuta nyingi ziuzwazo kwa bei nafuu Nairobi na Mombasa zilikwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Hufutwa vumbi, hupangwa dirishani, na mzazi aliyeuza mbuzi humnunulia mwanawe. Mashine iliyotupwa huko kwa kuwa nyapara wake amestaafu itafika huku ikiwa na sura nzuri na bei tamu, wala hapana kibandiko kitakachomwambia mzazi yule kuwa mlango wa nyuma hauna komeo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa chipu ile hulinda siri za mtumiaji, na kuwa hakuna kampuni iwezayo kukarabati kazi yake milele bila malipo. Yote mawili ni kweli. Fundi lazima alipwe, na mlango wenye kufuli bora ni bora. Lakini fundi wa baiskeli aliyechoka na baiskeli yangu huniachia niipeleke kwa fundi mwingine. Microsoft imechoka na Windows 10, wala haimruhusu mwingine aitengeneze, kwa kuwa maandishi yake ya ndani yamefichwa na kulindwa kwa sheria. Kutotengeneza si kosa. Kutotengeneza na kuzuia wengine wasitengeneze ndiko ninakokupinga.

Iko njia nyingine, nayo si ngeni. Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 kazi ya kuunda mfumo ambao kila mtu ataweza kuusoma, kuugeuza na kumgawia mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kiitwacho Linux. Kutokana na kazi hizo na za maelfu ya watu wengine, twapata leo mifumo isiyo na bei, ambayo baadhi yake hukaa vizuri katika kompyuta ya miaka kumi iliyokataliwa na Windows 11. Sitakudanganya: baadhi ya printa huinunia mifumo hii, michezo mingine haichezeki, na anayeianza hana budi kusoma. Lakini yule asemaye kuwa Linux ni kitu cha wataalamu pekee aitazame simu yake. Kama ni ya Android, kiini chake ni Linux.

Lawama nyingine yatuangukia sisi walimu. Twamwambia mtoto kuwa tumemfundisha kompyuta, hali tumemfundisha mahali vilipo vitufe vya duka moja. Duka likihamisha vitufe, elimu imekwisha. Mtoto aliyeandika barua moja kwa programu mbili tofauti, ya kulipia na ya bure, amekwisha kuelewa kuwa barua ni yake na programu ni chombo tu.

Mwalimu mkuu atakayeagiza kompyuta kumi za shule mwaka huu, kabla hajauliza bei na ukubwa wa kioo, amwulize mwenye duka: masasisho ya mfumo uliomo yatakoma mwaka gani, na siku hiyo mashine hii yaweza kutiwa mfumo mwingine? Kama mwenye duka hajui, fedha za wazazi zikae benki mpaka ajue.