Akihama, kiti akiache

Mfanyabiashara wa Kamembe aliyepokea pesa za sambaza hawezi kuvuka daraja la Rusizi na kumkabidhi mteja wa Bukavu ndoo ya mihogo. Atarudishiwa ndoo yake, tena mbele ya watu. Mbunge je?

Rwanda jibu ni fupi: Katiba inamwondolea kiti mbunge anayehama chama. Ng'ambo, ibara ya 110 ya Katiba ya Kongo nayo inasema anayeacha chama chake kwa makusudi amejiuzulu ubunge. Hata hivyo, Rais Tshisekedi alipovunja ushirika na kambi ya Kabila mwishoni mwa 2020, wabunge wengi wa kambi hiyo walimfuata na viti vyao. Januari 2021 kura 367 zikamwangusha waziri mkuu Ilunga Ilunkamba, mtu wa kambi ile ile.

Huenda Bunge lilihitaji mabadiliko. Lakini mwenye kibanda Kadutu aliyepiga kura 2018 hakuulizwa. Aliyeahidiwa nafuu ya tozo za mpakani, sasa ahadi aidai kwa nani?

Tanzania, Maulid Mtulia alipotoka CUF kwenda CCM mwaka 2017, kiti cha Kinondoni kilirudi kwa wapiga kura, naye akakiomba upya Februari 2018. Akashinda. Uchaguzi wa marudio ni gharama, na wengi waliulalamikia. Ila Kinondoni waliulizwa. Wabunge wa Kinshasa wanaotaka kuhama nao wapitie kwanza Kadutu.