Meza na Mashine: Kamari ni Ile Ile

Hapana shaka kuwa Waislamu walio wengi wanajua kuwa kamari ni haramu. Allah (s.w) ameikataza katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, akaitaja pamoja na ulevi. Tatizo letu leo si kutoijua hukumu, bali ni kutoitambua kamari pindi inapobadilisha vazi.

Katika miji yenye kasino, na sasa hata ndani ya simu za mkononi, karata huchezwa kwa namna mbili. Ipo ya meza, ambapo mtu hugawa karata mbele ya wachezaji. Na ipo ya video, ambapo mchezaji hukaa peke yake mbele ya kioo na karata huchaguliwa na programu. Wako wanaohama huku na kule. Aliyeumia mezani hukimbilia mashine, akijiambia kuwa pale dau ni dogo, hana mpinzani, wala hamdhulumu mtu. Madai haya matatu tuyapime.

Tuanze na dau, na mfano wetu uwe Las Vegas, nchini Marekani. Katika mchezo wa ishirini na moja, mezani hupatikana migawo kama 60 kwa saa. Asiyekosea, tena kwenye meza yenye masharti nafuu, hupoteza wastani wa nusu ya asilimia moja ya anachoweka. Kwa dau la dola 10 ataweka dola 600, na hasara yake ni wastani wa dola 3 kwa saa. Kwenye poka ya video, mchezaji mwepesi hufikisha migawo 600 kwa saa. Dau lake ni dola 1.25 tu, lakini kwa saa moja ameweka dola 750. Ipo mashine inayorejesha asilimia 99.54 kwa asiyekosea. Pembeni yake huwepo nyingine inayofanana nayo kwa sura, ila malipo ya mikusanyiko miwili ya karata yamepunguzwa kutoka 9 na 6 hadi 8 na 5. Hiyo hurejesha asilimia 97.3, yaani humpotezea wastani wa dola 20 kwa saa. Dau dogo limemla zaidi ya mara sita kuliko dau kubwa! Na wachezaji wengi hukosea, hivyo hasara yao huzidi hapo.

Wengine hudhani siri ni karata kuchezewa. Sivyo. Kanuni za jimbo la Nevada hutaka karata za video zitokee kwa uwezekano ule ule wa karata za mkononi. Kasino haina haja ya kuiba karata. Hupunguza malipo kidogo, huongeza kasi, kisha humwachia mchezaji ajimalize mwenyewe.

Dai la pili ni kuwa mashine haina mpinzani, hivyo hakuna uadui. Aya ya 91 imetaja madhara ya namna mbili: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na dhikri na swala. Hata tukikubali kuwa mashine imeliondoa la kwanza, imelizidisha la pili. Mezani kuna vituo: karata huchanganywa, mgawaji hubadilishwa, jirani huzungumza. Katika nafasi hiyo mtu aweza kuikumbuka adhana, au watoto waliolala na njaa. Mashine imevifuta vituo hivyo. Mwaka 2002, watafiti Robert Breen na Mark Zimmerman walichapisha matokeo yao kuhusu watu waliokuwa wakitibiwa uraibu wa kamari nchini Marekani. Waliocheza mashine walizama ndani ya mwaka mmoja hivi. Wa kamari za jadi walichukua takriban miaka mitatu na nusu. Na uadui nao haukuondoka. Umehama mezani, ukaingia nyumbani kwa mke na kwa wanaomdai.

Dai la tatu ni kuwa hamdhulumu mtu. Mashine haizalishi mali. Kila inacholipa kimetoka mifukoni mwa waliokalia kiti kile kabla yake. Akishinda, amekula mali ya watu kwa batili. Akishindwa, amepoteza haki ya wanaomtegemea. Na yule anayerudi mezani kwa kuwa huko mwendo ni wa polepole, amechagua tu njia ndefu ya kufika pale pale. Fuqahaa wametufundisha kuwa hukumu hufuata maana ya jambo, haifuati jina wala chombo chake.

Ndugu Waislamu, mimbari nyingi bado zinaikemea kamari kana kwamba ni wazee wanne juu ya mkeka. Kijana aliye safu ya nyuma, mwenye simu mfukoni, anasikiliza khutba hiyo na haoni kuwa inamhusu. Ni wajibu wa makhatibu kuitaja mashine na simu kwa majina yake, na kuieleza hesabu yake hadharani. Ni wajibu pia wa kamati za misikiti kumpokea kwa siri na huruma anayetaka kutoka, kumsaidia akabidhi fedha zake kwa mtu mwaminifu mpaka apate nguvu, na kuhakikisha familia yake inapata chakula. Mlango wa toba uko wazi, na sharti lake la kwanza ni kuliacha dhambi lenyewe, si kulihamishia kiti kingine.

Wabillahi tawfiq.